Sonona Barani Afrika: Maradhi Yaliyodaiwa Kuwa Hayapo

Mtu anapokosa usingizi, akapoteza hamu ya chakula na kujitenga na wenzake, Waswahili husema kuwa "ana mawazo". Aghalabu huambiwa avumilie, kwa kuwa dunia ndivyo ilivyo. Lakini hali hiyo inapodumu kwa wiki mbili au zaidi, ikamwondolea mtu furaha ya mambo aliyoyapenda na kumzuia kutekeleza shughuli zake, wataalamu huiita sonona. Hayo ni maradhi kama maradhi mengine, na yana tiba. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa matabibu wa kikoloni walidai kwamba maradhi hayo ni nadra mno kwa Mwafrika. Makala hii inaangazia jinsi dai hilo lilivyozuka, jinsi lilivyoporomoka na funzo linalopatikana humo.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mjini Nairobi nyumba ya kuwaweka wagonjwa wa akili, mahali palipokuwa hapo kabla pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Hospitali ya Mathari. Mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa daktari John Colin Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea utaalamu wa maradhi ya akili. Carothers aliiongoza hadi mwaka 1950. Aliwatazama wagonjwa aliokuwa nao, akaona kwamba wenye sonona ni wachache mno, kisha akatoa hukumu juu ya bara zima.

Hukumu hiyo aliiandika katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kuwa Mwafrika hana hisia ya kuwajibika binafsi, na kwa hiyo halemewi na majuto yanayoleta sonona. Alifika hadi ya kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo harakati za watu waliodai ardhi na uhuru wao zilielezwa kana kwamba ni tatizo la akili.

Kosa la hoja hiyo lilikuwa katika msingi wake. Waliofikishwa katika hospitali za namna hiyo walikuwa hasa wale waliosumbua watu, wakakamatwa na polisi au kupelekwa kwa amri ya mahakama. Mwenye sonona kwa kawaida hamsumbui mtu. Hukaa kimya ndani ya nyumba yake, au hulalamikia kichwa, kifua na uchovu usiokwisha. Akitafuta msaada, huenda kwa jamaa, kwa kiongozi wa dini au kwa mganga. Daktari anayesubiri ndani ya kuta za hospitali hawezi kumwona mtu huyo.

Hayo yalidhihirika nchini Ghana. Margaret Field, mtafiti Mwingereza aliyesomea pia tiba ya akili, aliamua kwenda mashambani kwenye maeneo ya ibada za jadi, ambako watu walimiminika kutafuta kinga na uponyaji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 alieleza kwamba aliwakuta huko wanawake wengi waliojishutumu wenyewe kuwa ni wachawi na kwamba wamewadhuru watoto na jamaa zao. Field alitambua kuwa wengi wao walikuwa na sonona. Majuto ambayo Carothers alidai hayapo yalikuwepo, ila yalitamkwa kwa lugha ya uchawi.

Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea udaktari mjini Birmingham, alirejea nyumbani na mwaka 1954 akaanzisha mfumo mpya huko Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa wake waliishi katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, wakilima na kutibiwa bila ya kufungiwa. Aidha, utafiti alioufanya pamoja na wataalamu wa Marekani miongoni mwa Wayoruba, uliochapishwa mwaka 1963, ulionyesha kuwa dalili za sonona si jambo la nadra. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi zaidi huko kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Baada ya kuthibitika kuwa maradhi yapo, lilibaki suala la tiba. Dawa za sonona zilianza kupatikana katika miaka ya 1950, na tiba za mazungumzo zikaboreshwa katika miongo iliyofuata. Lakini je, zingefaa mahali ambapo madaktari wa akili wanahesabika kwa vidole?

Jibu moja lilitoka katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, zilizokuwa zimeathiriwa vibaya na UKIMWI. Watafiti kwanza waliwauliza wenyeji wanayaitaje mateso yao. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Wenyeji waliopewa mafunzo ya wiki mbili wakaongoza makundi ya wanawake na ya wanaume, yaliyokutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata tiba, wenye sonona walipungua kutoka asilimia 86 ya washiriki hadi asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata, walibaki zaidi ya nusu.

Jibu la pili lilitoka Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua, baada ya familia kukosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, mjini Harare, alianza kuwafundisha akina bibi 14 kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, neno ambalo halina tofauti kubwa na "mawazo" ya Waswahili. Katika utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, waliohudumiwa kwa njia hiyo waliobaki na dalili za sonona baada ya miezi sita walikuwa takriban asilimia 14. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50.

Nukta ya kuzingatiwa ni kwamba akina bibi hao hawakutoa nasaha za kawaida za kumtaka mtu avumilie. Walifundishwa kuuliza maswali maalumu, kupima uzito wa dalili, kumwongoza mgonjwa achague tatizo moja la kulitatua, na kumpeleka kwa daktari yule aliye hatarini. Huo ndio utaalamu, na ndio unaotofautisha tiba na maliwazo. Maliwazo ya ndugu na dua za wazee zina nafasi yake, lakini hazizuii kumwona mtaalamu, kama ambavyo hazizuii kumtibu mwenye malaria.

Funzo hili linawahusu pia Waswahili walio Muscat, London au Minneapolis, mbali na jamaa, wanaopiga simu nyumbani na kusema kuwa ni wazima. Daktari wa ugenini akiambiwa tu kuwa kichwa kinauma, huenda akatoa dawa ya kichwa. Akielezwa pia habari za usingizi uliopotea na maisha yaliyokosa ladha, ataelewa. Hapo zamani mtu mmoja alidai kwamba Mwafrika haugui sonona, na wagonjwa wakakosa tiba. Itakuwa hasara kubwa iwapo dai hilo, lililokwisha kukanushwa na wataalamu, litaendelea kuishi katika vinywa vya wagonjwa wenyewe.