Kumbukumbu iliyoharibiwa makusudi

Simu ya kutumiana pesa pale Balangdalalu, chini ya Mlima Hanang, huenda ina vichakataji vinne au vinane vinavyogombea kumbukumbu moja. Kabla chipu ya namna hiyo haijafika kiwandani, huigizwa kwanza ndani ya kompyuta nyingine. Mwaka 2023 ilitimia miaka 30 tangu watafiti sita wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, watangaze mbinu yao waliyoiita Handaki la Upepo, kwa kufuata mahandaki ambamo wahandisi hupimia maumbo ya ndege.

Kompyuta moja ikiigiza vichakataji 32 kwa zamu, kazi hukawia mno. Ikigawiwa kompyuta nyingi, huzuka ubishi: nani amsubiri nani? Mwaka 1979, Tanzania ikiwa bado na marufuku ya 1974 ya kuingiza kompyuta, watafiti Mani Chandy na Jayadev Misra walishauri subira: usisonge mpaka uwe na hakika kwamba hakuna ujumbe wa wakati wa nyuma utakaokujia. Mwaka 1985 mtafiti David Jefferson akashika njia tofauti: songa, ukikosea rudi ufute.

Watafiti wale sita wa Wisconsin, Steven Reinhardt, Mark Hill, James Larus, David Wood na wenzao wawili, walichagua subira. Kila kichakataji kilikwenda mizunguko 100 ya saa, kisha vyote vikangojana.

Uhondo wenyewe uko kwenye kumbukumbu. Programu iliyopimwa iliendeshwa moja kwa moja juu ya CM-5, kompyuta yenye vichakataji vingi, kwa kasi yake halisi. Mwigaji, yaani programu inayoigiza chipu, alihitajika pale tu programu iliyopimwa ilipogusa data ambayo mashine ya kuigizwa isingekuwa nayo karibu. Atajuaje? Watafiti walichukua biti za ukaguzi zinazolinda kumbukumbu, wakaziandika vibaya makusudi kwenye data hiyo. Programu ikigusa hapo, CM-5 inapiga kelele ya hitilafu. Mwigaji anaingia, anahesabu muda, analeta data, kazi inaendelea. Ni ubunifu wa kuvulia kofia.

Thinking Machines, waliounda CM-5, walifilisika mwaka 1994. Lakini uigizaji uliendelea: mwaka 2011 programu za kuigiza za vyuo vikuu vya Wisconsin na Michigan ziliunganishwa kuwa gem5, programu ya bure.

Nchi isiyo na kiwanda cha chipu haina kisingizio tena: vyuo vyetu viwape wanafunzi gem5 wabuni kumbukumbu zao wenyewe, badala ya kuwafundisha kutumia tu mashine za wengine.