Mtu wa Nyuma

Historia niliyosoma mpaka kidato cha nne ilijaa watu waliohutubia. Huyu alihutubia umati, yule akatangaza uhuru, mwingine akawaaga wananchi uwanjani. Mwalimu alitaka mwaka na mahali, nasi tukampa. Ila hakuna siku tuliyoambiwa yule aliyesimama mwisho kabisa wa uwanja, kule kwa wauza karanga, alisikia nini. Nadhani mara nyingi hakusikia kitu. Aliona mkono wa mzungumzaji ukipanda na kushuka, akapiga makofi wenzake walipopiga.

Ndugu msomaji, nataka kusimulia historia ya mtu huyo. Ni historia ya spika, zile kubwa za mikutano na maonyesho ya muziki, na nina haki kidogo ya kuisimulia. Tangu nimalize shule naandika riwaya ambayo bado haijapata mchapaji, na wakati naisubiri bahati hiyo, ugali wangu unatokana na kubeba spika za kukodisha hapa Dar es Salaam. Mabega yangu yanazijua. Tena kuna jambo linaniudhi. Watu wetu huhesabu spika kama wanavyohesabu ng'ombe wa mahari: zikiwa nyingi ndiyo sifa. "Leo mziki mnene, umeuona ukuta ule?" Wanasema hivyo hata waya haujachomekwa. Ukuta nimeuona, maana nimeujenga mimi. Lakini ukuta ule si lazima umfikie mtu wa nyuma.

Tuanzie Marekani. Mwaka 1915 mafundi wawili, Peter Jensen aliyezaliwa Denmark na mwenzake Edwin Pridham, walikuwa na chombo kipya chenye sumaku, koili ya waya na honi kama ya gramafoni. Mkesha wa Krismasi mwaka huo chombo chao kilisikika mbele ya ukumbi wa jiji la San Francisco. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson alikwenda San Diego kuutetea Umoja wa Mataifa wa wakati ule, yaani League of Nations. Walimweka ndani ya kibanda cha kioo, honi zikiwa nje, akazungumza na watu zaidi ya 50,000. Kabla ya hapo mwanasiasa alihitaji mapafu. Baada ya hapo alihitaji umeme.

Sasa basi, tatizo. Sauti ikitoka mahali pamoja husambaa pande zote kama puto linalojaa upepo, na jinsi puto linavyokua ndivyo ngozi yake inavyozidi kuwa nyembamba. Mafundi wana hesabu yake: kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Ikiwa mtu wa mita 5 anapata desibeli 110, wa mita 10 anapata 104, wa mita 20 anapata 98, wa mita 40 anapata 92, na wa mita 80 anapata 86. Ukitaka huyu wa mwisho afurahi, inabidi umuumize wa kwanza. Hakuna njia ya katikati, isipokuwa uibadilishe namna yenyewe ya sauti kusafiri.

Njia moja ilijulikana mapema. Ukizipanga spika ndogo moja juu ya nyingine, kama sahani kabatini, sauti yake huenea vizuri kushoto na kulia, lakini haipandi sana darini wala haimwagiki sana sakafuni. Nguvu iliyokuwa ikipotelea juu inakwenda mbele kwa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, liliwekewa safu za namna hiyo. Kanisa lile lina kuba kubwa, na neno la mhubiri lilikuwa likizunguka humo ndani mpaka linamkuta neno linalofuata. Safu zile zilipunguza mwangwi. Zile za mbali na mimbari zilicheleweshwa kidogo kwa mtambo wa kurekodi kwa sumaku, ili sauti ya spika isimtangulie mhubiri mwenyewe. Mwamini wa nyuma akahisi maneno yanatoka kinywani mwa mhubiri, siyo kwenye nguzo iliyo karibu naye. Mimi jambo hili nalipenda kuliko yote. Watu walikaa wakafikiria sikio la mtu mmoja aliyekaa benchi la mwisho.

Wanamuziki walichelewa kujifunza. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,600. Amplifaya zao za magitaa zilikuwa za wati 100, zilizotengenezwa maalumu kwa safari ile, na sauti za waimbaji zilipitishwa kwenye vipaza sauti vya uwanja, vile vya kutangazia mchezo wa besiboli. Wasichana walipiga mayowe mwanzo mpaka mwisho. Wanamuziki hawakujisikia, watu hawakuwasikia, na kila mtu akarudi nyumbani anasema ilikuwa siku ya ajabu. Labda ilikuwa. Lakini kama muziki, bwana, pale palikuwa na picha tu.

Kisha wakaja Grateful Dead wa California na wazimu wao. Bendi hii, pamoja na fundi wao Owsley Stanley ambaye walimwita Bear, yaani Dubu, walitaka kila mtu asikie kila chombo. Tarehe 9 Februari 1973 walijaribu mitambo mipya pale Chuo Kikuu cha Stanford, na wimbo wa kwanza ulipoanza tu, twita zikaungua. Hawakukata tamaa. Machi 1974 wakaja na kile kilichoitwa Wall of Sound, Ukuta wa Sauti: spika zaidi ya 500, uzito wa tani 75 hivi, wati 26,400, safu nyingine zikipita urefu wa mita 9.

Ukisikia hivyo utasema si ndiyo ule ule ukuta wa kwetu? La hasha. Kila chombo kilikuwa na safu yake peke yake. Gitaa halikuchanganywa na sauti ya mwimbaji kwenye spika moja, na besi ya Phil Lesh iliweza kugawanywa ili kila waya wa gitaa uwe na spika zake. Tena ukuta ulisimama nyuma ya wanamuziki, hivyo walisikia kile kile kilichosikiwa na watu. Kwa kawaida maiki ikielekea spika hupiga mluzi ule wa kuchoma masikio. Wao walitumia maiki mbili kwa kila mwimbaji, moja imegeuziwa nyaya. Kila kilichoingia katika zote mbili kilijifuta, na sauti ya mwimbaji, aliyeimba kwenye moja tu, ikabaki. Walidai mtu aliye mita 180 alisikia vizuri bila spika za nyongeza katikati. Lakini kuusimamisha ukuta ule kulikula muda mwingi kiasi kwamba walihitaji majukwaa mawili: hili linapigiwa leo, lile limetangulia mji wa kesho. Oktoba 1974 wakauacha. Gharama iliwashinda. Mimi niliyebeba mizigo nawaonea huruma wale vibarua kuliko bendi.

Hapa nimlete mjomba wangu. Katika miaka ya 1980 alikuwa fundi mitambo wa bendi ya dansi hapa mjini. Msomaji kijana pengine hajui kwamba bendi nyingi za wakati ule zilikuwa za mashirika ya umma na jumuiya, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Fundi alipewa vilivyopo. Mjomba alikuwa na spika chache, alizirundika kulia na kushoto mwa jukwaa, na meza yake ya kuchanganyia sauti ikawa pembeni kwa spika za kushoto. Miaka mingi, siku nne au tano kwa wiki, mpaka majogoo. Leo sikio la kushoto limekufa. Ukimwamkia upande huo hakuitiki, na wasiomjua husema mzee yule ana maringo.

"Wa mbele walikuja kulalamika, wanaumia," alinisimulia. "Wa nyuma nao wanasema pandisha. Wote wamelipa kiingilio. Ningefanyaje, mjomba?"

Kisha akaniuliza hizi za siku hizi zinazotundikwa zina wati ngapi. Kila mtu huuliza wati. Nikamwambia Mjomba, tazama wapiga makasia. Watu kumi wakivuta pamoja chombo kinaruka. Watu kumi kila mmoja na wakati wake, makasia yanagongana na chombo kinazunguka pale pale. Spika ni hivyo hivyo. Wimbi la moja likifika sikioni linapanda wakati la nyingine linashuka, yanauana. Ukiongeza spika zisizoelewana umeongeza ugomvi.

Mjomba alikaa kimya, halafu akasema: "Kwa hiyo miaka yote ile zilikuwa zinapigana zenyewe kwa zenyewe."

Ndiyo hasa. Na aliyelishughulikia suala hilo mpaka mwisho ni Mfaransa, Christian Heil, mtu wa fizikia, aliyeanzisha kampuni ya L-Acoustics mwaka 1984. Machi 1992, katika mkutano wa wataalamu wa sauti mjini Vienna, yeye na Marcel Urban walitoa andiko lililouliza hivi: vyanzo vingi vya sauti vinaweza lini kuhesabika kuwa chanzo kimoja? Jibu lao, kwa lugha yangu, ni kwamba spika jirani zisiachane zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, au midomo yake ijaze karibu safu nzima bila mapengo. Kwa sauti nzito ni rahisi. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4. Lakini wimbi la hezi 10,000 lina sentimita 3.4, nusu yake ni sentimita 1.7. Utaziweka wapi spika mbili zikaribiane hivyo?

Na hizo sauti nyembamba ndizo zenye maneno. Tamka saa, taa, paa, kaa. Kinachoyatofautisha ni konsonanti mwanzoni, na sehemu kubwa ya konsonanti hizo imo katika masafa ya juu, yale ambayo hewa yenyewe huyameza kwanza. Mtu wa nyuma anapata "aa, aa, aa, aa". Ndiyo maana anacheza vizuri lakini hajui wimbo unasema nini.

Heil alitengeneza njia ndani ya boksi, mbele ya kile chombo cha sauti nyembamba, ambayo sauti ikipita, kila sehemu yake inasafiri umbali ule ule, ikatoka mdomoni kwa wakati mmoja kama utepe mrefu. Boksi likipachikwa chini ya boksi, utepe unaungana na utepe. Mfumo huo ukaitwa V-DOSC. Mafundi leo huziita laini-arei. Mimi nitasema spika za mstari. Faida yake ni hii: katika umbali fulani, sauti ya mstari hupungua desibeli 3, siyo 6, kila umbali ukiongezeka maradufu. Yule wa mita 5 akipata 110, wa mita 80 anapata 98. Mstari usiwe mfupi lakini, maana mstari mfupi hurudia tabia ya puto mapema, hasa kwenye sauti nzito. Kuanzia mwaka 2000, JBL wa Marekani walipotoa VerTec yao, kampuni kubwa zikafuatana, na sasa ni shida kuona tamasha kubwa lisilo na zile ndizi mbili zikining'inia. Umbo la ndizi si urembo. Maboksi ya juu yamenyooka, yote yanasukuma mbali. Ya chini yamepinda, yanagawana watu wa karibu.

Sabufa ni kabila lingine. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Ukuta, filamu ya Earthquake ilionyeshwa na mitambo ya Sensurround, spika kubwa za kampuni ya Cerwin-Vega, ili mtazamaji alihisi tetemeko kifuani. Watu wakagundua utamu wa sauti isiyosikika sana bali inayogusa. Wimbi la hezi 40 lina mita 8.5, na boksi moja haliwezi kuliamuru liende wapi. Linakwenda mbele, nyuma, jukwaani, na kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Ukiweka sabufa kushoto na kulia kama ilivyo mazoea, katikati besi inakupiga, ukisogea hatua chache imepotea. Dawa yake iko: moja ya sabufa inageuziwa nyaya na kucheleweshwa kwa kipimo, mgongoni sauti zinauana, mbele zinasaidiana. Ni ujanja wa undugu na zile maiki mbili za Dubu.

Tunakodishiwa zaidi na watu wanaotaka besi ivuke barabara. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi na matamasha yasizidi wastani wa desibeli 100 kwa muda wa dakika 15. Mtu wa kawaida kazini huhesabiwa kuwa salama kwa 85 kwa saa 8, na kila 3 zikiongezeka muda unagawanywa nusu. Piga hesabu mwenyewe utaona desibeli 100 zinakuachia robo saa. Mjomba wangu alikuwa akikaa saa saba.

Kazini kwetu, kabla geti halijafunguliwa, fundi hunituma na redio ya upepo mpaka kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja. Hapigi muziki kwanza. Anashika maiki anataja maneno, polepole, bila mpangilio: taa, kaa, saa, paa. Mimi namrudishia nililosikia. Nikikosea mawili anashusha ndizi, anabadilisha pembe ya boksi la juu, anapandisha tena, na vibarua wanalalamika kwamba jua linazama na bado hatujala.