Matibabu ya mzizi wa jino: ni nini, hufanywa na nani, na lini yanahitajika

Katika vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga hadi Kalya, jino likiuma sana jibu huwa moja tu: ling'olewe. Mara nyingine hilo ndilo jibu sahihi. Lakini yapo meno yanayoweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi.

Ndani ya jino kuna nini?

Jino si mfupa mtupu. Chini ya gamba gumu la nje kuna tabaka laini kidogo, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho hushuka hadi ncha ya mzizi kupitia njia nyembamba. Meno ya mbele kwa kawaida yana njia moja. Magego huwa na tatu au nne.

Jino likitoboka na tundu likafika kwenye kiini, vijidudu huingia na kiini huoza. Usaha hauna pa kutokea, ndiyo maana maumivu huwa makali.

Dalili za kuangalia

Ukinywa maji baridi jino likashtuka kidogo kisha likatulia, huenda kuziba tu kunatosha. Wahi kabla tundu halijaongezeka.

Matibabu ya mzizi yanaweza kuhitajika iwapo:
- jino linauma lenyewe, hasa usiku ukilala;
- ukinywa chai ya moto maumivu yanabaki kwa dakika kadhaa;
- jino limebadilika rangi na kuwa la kijivu baada ya kugongwa;
- kuna kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha na kurudi tena.

Jambo moja huwadanganya wengi. Jino lililouma wiki nzima likinyamaza ghafla, si lazima liwe limepona. Huenda kiini kimekufa, na vijidudu vinaendelea kula mfupa polepole.

Nani hufanya matibabu haya?

Katika vituo vingi vya afya na hospitali za wilaya utamkuta tabibu wa meno au daktari wa kinywa na meno. Daktari wa meno husoma chuo kikuu miaka mitano, na anaweza kutibu mzizi akiwa na vifaa, hasa wa meno ya mbele. Daktari bingwa ni yule aliyeongeza masomo baada ya hapo. Huyo hupewa kazi ngumu: magego yenye njia zilizopinda, au jino lililotibiwa likauma tena.

Kwa mkazi wa Kigoma, anzia kituo kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Ikibidi, rufaa inaweza kukufikisha Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Hufanyikaje?

Daktari hupiga picha ya eksirei, huchoma sindano ya ganzi, kisha hutoboa jino kwa juu. Hutoa kiini kilichooza, husafisha njia kwa sindano ndogo na dawa, hujaza kitu kama mpira, halafu huziba. Inaweza kuchukua ziara moja hadi tatu. Gego lililotibiwa hudhoofika, hivyo mara nyingi huhitaji kuvishwa kofia ili lisipasuke.

Kwa hiyo uliza mapema: nitarudi mara ngapi, gharama yote ni kiasi gani pamoja na kofia, na bima yangu inalipia nini? Anayetoka Kalya kwa boti akaanza matibabu bila kumaliza anaweza kubaki na jino bovu na nauli imekwisha. Kama jino limevunjika hadi chini ya ufizi, linalegea sana, au huwezi kurudi kumalizia, kung'oa kwa ganzi hospitalini ni uamuzi wa busara, wala si aibu.

Ukisubiri usafiri

Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Paracetamol hupunguza maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa. Usiweke maji ya betri wala mafuta ya taa kwenye tundu, na usibandike aspirini kwenye ufizi, huunguza nyama. Dawa za kuua vijidudu za dukani haziponyi jino lenye kiini kilichokufa, kwa sababu damu haifiki tena humo.

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukapata homa, ukashindwa kumeza, kupanua mdomo au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Wavuvi wa dagaa wasingoje mbalamwezi ndipo waende. Usaha huo unaweza kuua.

Jino la ukubwani liking'oka zima kwa kuanguka au ajali ya bodaboda, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lioshe kidogo bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake au liweke ndani ya maziwa, na ufike hospitali ndani ya saa moja ikiwezekana. Baadaye jino hilo kwa kawaida huhitaji matibabu ya mzizi. Jino la utotoni halirudishwi, lakini mtoto apelekwe akaangaliwe.