Saa, Peni na Kipande: Maarifa ya Kawaida katika Lugha ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Yako maarifa ambayo jamii huyaandika vitabuni, na yako mengine ambayo hayaandikwi na mtu ye yote kwa sababu kila mtu huyaona kuwa dhahiri: siku huanza lini, nauli ni kiasi gani, ni karatasi gani isiyofaa kusahauliwa nyumbani. Haya ya pili ndiyo yanayoitwa hapa maarifa ya kawaida. Hayana mwandishi wala shule. Makao yake ni maneno yasemwayo kila siku.

Miongoni mwa wanafalsafa wa Uingereza, G. E. Moore aliyatetea maarifa ya namna hii katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1925. Mwaka 1956 J. L. Austin akaendelea mbele zaidi. Alitoa hoja kwamba tofauti ambazo vizazi vingi vya wasemaji vimeona zastahili kutiwa katika maneno ni hazina ambayo mchunguzi hana budi kuanza nayo, ijapokuwa si lazima aishie hapo. Lakini hoja ya Austin ilijengwa juu ya Kiingereza, lugha iliyokaa mikononi mwa wasemaji wale wale kwa karne nyingi. Je, yaweza kusimama katika mji mpya, ambamo wasemaji walio wengi waliipokea lugha yao ya mawasiliano ukubwani? Na ikiwa yaweza, mchunguzi atajuaje kama maarifa yaliyomo katika neno yangali hai, au ni mabaki tu? Makala hii inakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kuitazama historia ya maneno machache ya mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Mitaa na Wasemaji Wake

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa mjini, aliyekuja kufanya kazi na kisha kurudi kwao, na makao yake yakatengwa upande wa mashariki. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake walijengewa Shauri Moyo. Ziwani na Kaloleni zilifuata katika miaka ya 1940. Miaka ya 1950 ilileta Bahati, na pia Ofafa na Mbotela, mitaa iliyopewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi waliouawa katika kipindi cha Hali ya Hatari. Wafanya kazi wa reli walikuwa na nyumba zao Muthurwa na Makongeni.

Katika mitaa hiyo Mluo, Mkikuyu, Mluhya, Mkamba, Mnubi na mtu wa pwani walipanga vyumba vilivyotazamana. Lugha yao ya bombani, dukani na kazini ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo neno lililodumu Eastlands lilidumu kwa sababu lilimfaa msemaji katika shughuli zake, wala si kwa sababu alilirithi kwa mama yake. Hali hii ndiyo inayoufanya ushahidi wa Eastlands kuwa na thamani ya pekee.

Saa

Mfano wa kwanza ni hesabu ya saa. Mswahili huihesabu siku tangu kupambazuka. Saa mbili za asubuhi ni saa mbili zilizopita tangu mwanzo wa mchana, na saa sita ni katikati yake. Sarufi yenyewe yathibitisha jambo hili, kwani husemwa saa mbili, kwa namba ya kuhesabia, kama vile mtu asemavyo siku mbili au nyumba mbili. Hesabu hii ina maarifa ya jiografia ndani yake. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, na wakati wa kuchomoza jua hubadilika kwa kiasi cha nusu saa tu kwa mwaka mzima. Huko London jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi wakati wa kipupwe na kabla ya saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi. Watu wa huko wasingeweza kulifanya jua kuwa mwanzo wa saa zao pasipo kuvuruga miadi yao.

Reli ilileta Nairobi ratiba na saa za Kizungu. Hata hivyo mfanya kazi wa Makongeni hakuiacha hesabu yake. Aliitazama saa ya ukutani, akaona mshale mfupi umeelekea namba nane, akasema saa mbili. Alijifunza kuisoma namba iliyo upande wa pili wa duara. Leo mjukuu wake huona 8:00 katika simu yake, na bado husema saa mbili.

Peni na Thumuni

Mfano wa pili ni fedha. Kenya ilitumia rupia hadi mwaka 1920, ikapita katika florini kwa muda mfupi, na mwaka 1921 ikapokea shilingi ya Afrika ya Mashariki, yenye senti 100. Sarafu zilikuwa mpya, lakini majina yake mitaani yalitoka mbali. Senti 50 ziliitwa thumuni, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Ilikuwa ni sehemu ya nane ya riale, sarafu kubwa ya fedha iliyotumiwa katika biashara ya pwani. Riale ilipohesabiwa kuwa kama rupia mbili, na rupia kuwa shilingi mbili, thumuni iliangukia senti 50 sawasawa. Senti 10 nazo ziliitwa peni. Peni kumi na mbili za Kiingereza zilifanya shilingi moja, na kwa hiyo senti 10 ziliizidi peni kwa kitu kidogo tu. Mwenye duka na mnunuzi hawakujali tofauti hiyo ndogo.

Kutoka katika peni lilizaliwa neno mashuhuri kuliko yote yaliyotoka katika barabara za Nairobi. Magari ya watu binafsi yaliyochukua abiria kinyume cha sheria, katika miaka ya mwisho ya ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, yalitoza mapeni matatu, yaani senti 30. Gari likaitwa matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kufanya kazi bila leseni maalum ya uchukuzi. Nauli ilikwisha kupanda, lakini jina halikubadilika. Dar es Salaam ilifuata njia iyo hiyo pasipo kuiga: magari ya namna hiyo yaliitwa daladala kutokana na dala, jina la shilingi tano. Katika miji yote miwili abiria hakuliita gari kwa umbo lake wala kwa mtengenezaji wake. Aliliita kwa kile alichopaswa kuwa nacho mfukoni.

Kipande

Mfano wa tatu ni mchungu zaidi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na mshahara wake. Wengi waliining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu mtu kuondoka, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Watu waliiita kipande.

Utaratibu huo ulifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na uandikishaji wa watu wa rangi zote ukachukua mahali pake. Baada ya uhuru neno rasmi likawa kitambulisho. Neno hili ni zuri, na limeundwa vyema kutokana na kitenzi kutambulisha. Walakini katika mitaa ya Eastlands vijana wangali wanakiita kitambulisho cha taifa kipande, hasa wazungumzapo juu ya polisi. Neno rasmi laeleza kazi ya karatasi kwa mtazamo wa ofisi, na neno la mtaani laeleza yanayompata mtu asipokuwa nayo.

Kipimo cha Uhai wa Maarifa

Hapa yafaa kuwa na tahadhari. Mtu asemaye kwamba jua limetua hakatai kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Vivyo hivyo, kuwapo kwa thumuni katika kinywa cha mtoto wa Kaloleni wa mwaka 1965 hakuthibitishi kwamba mtoto huyo alijua habari za riale. Neno laweza kubeba maarifa ambayo msemaji wake hanayo.

Kipimo kinachopendekezwa hapa ni sarufi na matumizi. Matatu ilipokuwa hesabu ya mapeni, upatanisho wake ungalikuwa matatu haya. Leo husemwa matatu hii imejaa, matatu hizi zimejaa. Yaweza kupingwa kwamba Kiswahili cha Nairobi hupunguza ngeli kwa jumla, lakini magazeti na waandishi wanaolinda upatanisho wa ngeli huandika hivyo hivyo. Hesabu imekufa na jina limebaki. Hali kadhalika Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918, halichambuliki tena na mpita njia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili iyo hiyo. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, na jina lao leo lajulikana zaidi kuwa la soko.

Saa mbili ni kinyume cha hayo. Msemaji huihesabu upya kila siku, na akisogeza mshale atasema saa tatu bila kufundishwa. Kipande nacho ki hai, maana hutumika palipo na hofu ile ile iliyokizaa.

Hitimisho

Hoja ya Austin, basi, yasimama hata Eastlands, ila kwa sharti moja: lugha ya kila siku ni ghala lenye vyumba viwili, cha maarifa yatumikayo na cha maarifa yaliyozikwa, na mchunguzi asivichanganye. Chumba cha kwanza ni cha mwanaisimu na mwanafalsafa. Cha pili ni cha mwanahistoria.

Kwa muda mrefu usemi wa Eastlands, pamoja na Sheng iliyokua ndani yake, umetajwa madarasani kama lugha iliyoharibika. Hukumu hiyo huwanyima sauti watu ambao waliacha maandishi machache sana. Mwajiri, polisi na halmashauri ya mji waliacha majalada. Mpangaji wa chumba kimoja aliacha maneno. Katika miaka hii ya 2020 mipango ya kuijenga upya mitaa mikongwe imekwisha kuanza kutekelezwa, na wale waliolipa mapeni matatu wakiwa watu wazima wamebaki wachache. Idara za lugha zina wajibu wa kuyakusanya maneno hayo pamoja na maelezo ya wenyewe, maana kamusi pekee haitatosha kutuambia ni nani aliyeyahitaji, na kwa nini.