Reli Iliyofupishwa, Gharama Iliyorefuka

Kila mara gharama za mradi mkubwa zinapopanda na michoro yake kubadilishwa njiani, mjadala wetu huishia kwenye maelezo mawili: ama wakubwa wamekula, ama vifaa vimepanda bei. Yote mawili yaweza kuwa kweli, ila hutuzuia kuuliza maswali mengine. Natoka Nyanungu, kata ya mpakani huko Tarime, katika mkoa usio na reli hata moja. Hata hivyo, reli ninayoiona kuwa somo bora kuhusu jambo hili ilipita jirani yetu tu, upande wa pili wa mpaka. Ni Reli ya Uganda.

Upimaji wa njia ulioongozwa na Kapteni Macdonald mwaka 1891 na 1892 ulikadiria maili 657 kwa pauni 2,240,000. Mwaka 1895 kamati ya serikali mjini London ikaona kwamba reli nyembamba zaidi, ya upana wa futi 3, ingeteremsha gharama hadi pauni 1,755,000. Mwaka 1896 Bunge likaidhinisha pauni milioni 3, na upana sasa ukawa mita moja, ili injini na mabehewa ya India yaweze kutumika. Basi hata kabla kazi haijashika kasi kulikuwa na makadirio matatu, na nyuma ya kila kadirio palikuwa na reli tofauti. Mtu anayelinganisha tarakimu hizo bila kutazama michoro hajalinganisha kitu.

Gharama ya kwanza iliyolipwa mara mbili ilikuwa Mombasa penyewe. Ili reli itoke kisiwani, ilibidi ivuke maji ya Makupa. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, hakungoja chuma. Alijenga daraja la muda la mbao, kisha likafuata la kudumu, lililopewa jina la Waziri Mkuu Salisbury. Mtindo huo ulirudiwa bara. Kwenye mteremko mkali wa kushukia Bonde la Ufa, mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma, yakiwa juu ya majukwaa maalumu, hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Kwenye milima ya Mau yakahitajika madaraja marefu 27 ya chuma, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Kimarekani.

La kushangaza ni kwamba njia yenyewe ilifupishwa. Kituo cha mwisho kilihamishiwa kwenye ghuba ya Kisumu, wakati ule Port Florence, na urefu ukashuka hadi takriban maili 580. Hata hivyo mwaka 1900 serikali ilirudi Bungeni kuomba pauni 1,930,000 zaidi, huku Henry Labouchere na wenzake wakiukejeli mradi mzima. Jumla ilikaribia pauni milioni 5.5.

Sidhani Whitehouse alikuwa mzembe. Kazi za muda ndizo zilizomwezesha kupeleka vyuma na maji mbele ya vibarua katika nchi kavu ya Taru. Kilichokuwa ghali ni haraka, na haraka hiyo ilikuwa ya kisiasa: hofu ya Wajerumani na tamaa ya kushika chanzo cha Nili. Haraka haikuwa na fungu lake katika makadirio. Ililipwa kwanza na vibarua wa Kihindi, ambao 2,493 kati ya takriban 32,000 walikufa. Kisha, reli ilipohitaji mizigo ili ijilipe, walowezi wakaalikwa, na mwaka 1904 Wamaasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa, kando ya reli. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kuhusu mchoro.

Kwetu Mara reli haikufika, lakini nguvu yake ilifika. Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulikuwa umekwisha kuwagawa Wakurya. Sasa meli za ziwani zikaanza kuvuta ngozi na mazao ya Mwanza kuelekea Kisumu. Wajerumani waliona biashara ya koloni lao ikitoka kwa mlango wa jirani, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuisukuma Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Tuje kwetu leo. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ulitiwa saini Februari 2017, kazi ikitarajiwa kuchukua miezi 30. Abiria walianza kupanda Juni 2024. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anajua kwamba jalada la mabadiliko ya michoro lina habari nyingi kuliko hotuba ya uzinduzi. Tunachokikosa ni jalada hilo kusomwa mapema, na watu wengi.

Katika wilaya jirani ya Serengeti tumewahi kuuona utaratibu mwingine. Barabara iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa hifadhi ilipingwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami ndani ya hifadhi. Uamuzi ule unabishaniwa, nami nimebishana nao mara nyingi, kwa kuwa wanaozunguka mbali ni watu wetu. Lakini mchoro ulijadiliwa hadharani, hoja kwa hoja, kabla lami haijamwagwa.