Akili Isiyo na Ubongo

Watu wa rika langu hapa Ilembula hawahitaji kuelezwa klorokwini ni nini. Tunaukumbuka uchungu wake, na jinsi wengine walivyowashwa mwili mzima baada ya kuimeza. Ilembula iko chini kuliko Njombe mjini. Joto lake humfaa mbu, na homa ya malaria ni mgeni wetu wa siku nyingi.

Dawa hiyo ilibuniwa Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea duniani. Kijidudu cha malaria ni chembe hai moja tu. Hana ubongo wala neva. Akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na mlo huo humwachia sumu ambayo huigandisha isimdhuru. Klorokwini ilizuia kazi hiyo, naye akafa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe.

Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950, Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini, walionekana vijidudu waliosalimika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walionekana Afrika Mashariki. Siri yao ni mlango mmoja katika kifuko cha kumeng'enyea chakula: ulibadilika kidogo, ukawa unaitoa dawa nje. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria, na mwaka 2006 ikaingia dawa mseto.

Je, hiyo ni akili? Hakuna kijidudu aliyekaa akafikiri. Mabadiliko hutokea kwa bahati wakati wa kuzaliana; dawa huua wengi, na yule mmoja aliyebahatika huzaa. Sisi hujifunza kwa kukumbuka. Wao hujifunza kwa kufa. Hata hivyo, fumbo limefumbuliwa.

Ila ufumbuzi huo una gharama. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na kufikia mwaka 2001 vijidudu sugu kwa dawa hiyo walikuwa karibu wametoweka. Bila dawa, mlango ule uligeuka mzigo.

Miaka hii ya 2020, Rwanda, Uganda na hapa nchini mkoani Kagera wameonekana vijidudu wanaochelewa kufa kwa dawa mseto. Mwenzetu hana kichwa, lakini hachoki kujaribu. Sisi tulio nacho tupime damu kwanza, na dozi tuimalize hata homa ikishuka.