Gramu kwa Kilomita: Namba Iliyochezea Ulaya

Ukiona gari jipya limeandikwa gramu 120 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita, usidhani kuna mtu alilifuata barabarani akipima moshi. Hupimwa maabara, na huenda sambamba na mafuta yanayochomwa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hiyo gesi, kwa hivyo gramu 120 ni kama kilomita 19 kwa lita. Huku kwetu tungeuliza tu, "Inakula mafuta aje?"

Shida ilianza Ulaya namba ilipogeuka pesa. Machi 2001 Uingereza ilianza kutoza magari mapya kodi ya mwaka kwa kufuata gramu hizo. Dizeli huenda mbali kwa lita, gramu zake zikawa chache, watu wakaikimbilia. Mwaka 2000 ilikuwa kama asilimia 14 ya magari mapya Uingereza. 2011 ikapita nusu. Oksidi za nitrojeni, zile zinazoumiza mapafu ya watu wa mjini, hazikuamua kodi hiyo. Septemba 2015 Volkswagen ikanaswa Marekani: programu ndani ya gari ilijua linapimwa, ikapunguza sumu wakati huo pekee. Magari milioni 11 duniani!

Kila mtu anakumbuka hiyo. Mimi naona iliwafunika wengine, maana upande wa kaboni hata waliofuata sheria walikuwa wanacheza. Kipimo cha NEDC kilikuwa dakika 20 juu ya rola ndani ya maabara, wastani wa kilomita 33 kwa saa, AC imezimwa, betri imejaa chaji. Nani anaendesha hivyo? Watafiti wa ICCT walipolinganisha na barabarani, pengo lilikuwa asilimia 9 mwaka 2001. Kufikia 2015 lilikuwa 42. Kumbe magari yalikuwa yanasomea mtihani.

Septemba 2017 kikaja kipimo kipya, WLTP, kirefu na chenye kasi zaidi. Kimesaidia, lakini 2024 Tume ya Ulaya ilitoa data kutoka mita za magari yenyewe: petroli na dizeli bado zilizidi maabara kwa takriban asilimia 20. Haibridi za kuchaji kwa umeme, zile zinazouzwa kama rafiki wa mazingira? Mara 3.5. Wenyewe hawazichaji vile kipimo kilivyodhani, wanachoma petroli kama kawaida, na punguzo la kodi walishapewa.